Nakala ya Filamu Nyumbani: Tozo ya Hakimiliki Inalipia Nini Hasa?

Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 ilipoingiza tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 kwenye vifaa vinavyotumika kurekodi, kunakili na kuhifadhi kazi za ubunifu, maelezo mengi yaliyotolewa yalimhusu msanii: namna fedha zitakavyokusanywa, nani atalipwa na kwa utaratibu upi. Lilikuwa jambo la kutarajiwa, kwa kuwa kilio cha wasanii kuhusu kazi zao kunakiliwa bila malipo ni cha muda mrefu. Hata hivyo tozo hiyo ina upande wa pili, ambao ni wa mwananchi anayenunua kifaa. Naye ana swali lake, tena la haki kabisa. Ikiwa kifaa kinatozwa kwa sababu kinaweza kutumika kunakili filamu, je, mwenye kifaa hicho anaruhusiwa kuchukua DVD aliyoinunua kwa fedha yake na kuihamishia kwenye kompyuta ya nyumbani?

Swali hili si la kinadharia. Filamu nyingi za Kiswahili za miaka ya 2000 na mwanzoni mwa miaka ya 2010 zilimfikia mtazamaji kwa VCD na DVD, mara nyingi sehemu ya kwanza na ya pili zikiuzwa katika makasha tofauti. Ndicho kipindi kilichompa umaarufu marehemu Steven Kanumba, aliyefariki dunia Aprili 2012, pamoja na waigizaji wengi wa rika lake. Baadhi ya filamu hizo zimepandishwa YouTube na wenye haki zake. Nyingine hazijulikani zilipo, isipokuwa katika makabati ya familia zilizozinunua.

Wakati huohuo vyombo vya kuzisomea vinatoweka. Kompyuta mpakato nyingi zinazouzwa sasa hazina tena sehemu ya kuwekea diski, na deki ikiharibika ni nadra mtu kwenda kununua nyingine. Marekani, kampuni ya Netflix, iliyoanza kwa kupeleka DVD kwa wateja kwa njia ya posta, ilifunga huduma hiyo Septemba 2023.

Diski yenyewe nayo ina umri. Ndani ya DVD iliyochapwa kiwandani kuna utando mwembamba wa madini unaorudisha mwanga, uliofungiwa kati ya tabaka mbili za plastiki. Hewa na unyevu vikipenya, utando huo huliwa kidogo kidogo, na filamu huanza kukatika au kuganda. Diski za kuchomwa kwa kompyuta ni dhaifu zaidi, kwa sababu huhifadhi kumbukumbu katika rangi maalumu inayofifia kwa joto na mwanga wa jua. Kwa mkazi wa Tanga au Mtwara, penye unyevu wa bahari mwaka mzima, filamu iliyowekwa vizuri kwenye kasha lake haina uhakika wa kuonekana miaka 20 baadaye. Familia inayotaka kuitunza ina njia moja tu ya maana: kuihamisha.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, inaanza na kanuni inayofahamika na wengi. Mwenye hakimiliki ndiye mwenye mamlaka ya kuruhusu kazi yake inakiliwe, isambazwe au ionyeshwe hadharani. Anayenunua DVD ananunua diski, hanunui hakimiliki ya filamu. Lakini sheria hiyohiyo, katika kifungu cha 12 kinachozungumzia matumizi huru, inaweka pembeni baadhi ya mambo ambayo hayahitaji idhini ya mtunzi. Mojawapo ni kunakili kazi iliyokwisha kutolewa kihalali kwa ajili ya matumizi binafsi ya mtu mwenyewe pekee. Programu za kompyuta hazimo katika ruhusa hiyo. Anayenakili programu hawezi kujitetea kwa kusema ni ya kutumia nyumbani.

Maneno ya kuangalia kwa makini hapa ni mawili: binafsi na pekee. Mama anayehamisha filamu yake kutoka DVD kwenda kwenye kompyuta ili aitazame jioni sebuleni na watoto wake yumo ndani ya maneno hayo kwa tafsiri yoyote ya kawaida. Kijana anayeweka filamu hiyohiyo katika kompyuta ya kibanda chake na kuwajazia wateja flashi kwa malipo hayumo. Basi la abiria linaloonyesha filamu njiani halimo, hata kama dereva alinunua diski halisi dukani. Kibanda umiza hakimo. Shule na ofisi si mtu binafsi, na matumizi yake yana masharti yake mengine.

Muhimu zaidi ni tarehe. Ruhusa ya matumizi binafsi ilikuwamo katika sheria tangu 1999, miaka 24 kabla ya tozo ya asilimia 1.5. Kwa hiyo si sahihi kudhani, kama inavyosikika mitaani, kwamba sasa kwa kuwa flashi imelipiwa tozo kila kitu kinachoingia humo kimehalalishwa. Tozo haikuzaa ruhusa mpya. Imekuja kulipia ruhusa ya zamani, ambayo kwa miaka yote hiyo msanii aliibeba mabegani bila kupata chochote.

Mantiki ya tozo ya aina hii haikubuniwa Dar es Salaam. Ujerumani iliiweka katika sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 1965, wakati mashine za kurekodi kanda zilipoanza kuingia majumbani. Wabunge wa huko walikabiliwa na ukweli mgumu. Kuzuia watu wasirekodi nyumbani kungehitaji kuingia katika nyumba za watu kukagua kanda, jambo ambalo hakuna dola inayoheshimu faragha ingeweza kulifanya. Kuruhusu bila fidia nako kungekuwa kuwaibia watunzi. Wakachagua njia ya katikati: mwananchi aachwe arekodi, na malipo yakatwe kwenye mashine. Nchi nyingi za Ulaya zilifuata, na mwaka 2001 Umoja wa Ulaya ukaandika katika agizo lake kwamba nchi mwanachama inaweza kuruhusu nakala za matumizi binafsi kwa sharti kwamba wenye haki wanapata fidia ya haki.

Kinachotokea pale sharti hilo linaporukwa kilionekana Uingereza. Kwa miaka mingi Mwingereza aliyehamisha CD au DVD yake kwenye kompyuta alikuwa anavunja sheria, ingawa mamilioni walifanya hivyo na hakuna aliyewafuata. Baada ya ripoti ya Profesa Ian Hargreaves ya mwaka 2011 kupendekeza hali hiyo irekebishwe, serikali ilitunga kanuni zilizoanza kutumika tarehe 1 Oktoba 2014, zikimruhusu mtu kunakili kazi aliyoinunua kwa matumizi yake binafsi. Hakukuwa na tozo yoyote. Serikali ilisema hasara kwa wenye haki ni ndogo mno kiasi cha kutostahili fidia. Vyama vya wanamuziki vilikwenda mahakamani, na katikati ya mwaka 2015 Mahakama Kuu ikaona kwamba serikali haikuwa na ushahidi wa kutosha wa dai hilo. Kanuni zikafutwa Julai mwaka huohuo, miezi tisa tu tangu zianze. Mwingereza akarudi pale alipokuwa: ana DVD yake, ana kompyuta yake, na hana ruhusa ya kuviunganisha.

Kwa kipimo hicho, mpangilio wa Tanzania wa ruhusa pamoja na tozo una msingi imara kuliko ule uliobomoka London. Jambo hilo halijaelezwa vya kutosha. Mwananchi amesikia zaidi kwamba anatozwa, na amesikia kidogo kwamba kuna kitu anachoruhusiwa.

Kuna kikwazo kimoja, nacho ni kufuli. DVD nyingi za filamu za kigeni, hasa za kampuni kubwa za Hollywood, hufungwa kwa mfumo wa kusimba uliobuniwa miaka ya 1990, ambao huifanya filamu isomeke na deki zenye leseni tu. Mtu akijaribu kunakili mafaili yake kama anavyonakili picha za harusi, atapata kitu kisichochezeka. Zaidi ya hapo kuna msimbo wa kanda: dunia iligawanywa, Marekani ikawa kanda ya 1, Ulaya ya 2, na sehemu kubwa ya Afrika, Tanzania ikiwemo, kanda ya 5. Ndiyo maana ndugu aliyeletewa DVD kutoka Marekani huweza kukuta deki yake inaikataa, ingawa diski ni halali kabisa na imelipiwa. VCD hazikuwa na kufuli hilo, na hivyo hazina tatizo hili.

Mvutano kati ya haki ya kunakili na kufuli la kuzuia kunakili umefikishwa mahakamani mara nyingi. Mfano unaokumbukwa zaidi ni wa Norway. Mwaka 1999 kijana wa miaka 15, Jon Lech Johansen, alishiriki kutengeneza na kusambaza programu iliyofungua kufuli la DVD, akisema alitaka kutazama filamu zake kwenye kompyuta iliyokuwa haina programu yenye leseni. Alishtakiwa kwa jinai. Mahakama ya Oslo ilimwachia huru Januari 2003, na ile ya rufaa ikathibitisha uamuzi huo Desemba mwaka huohuo. Hoja iliyomwokoa ilikuwa nyepesi kueleweka: mtu hawezi kuhesabiwa kuwa amevunja na kuingia mahali ambapo ana haki ya kuingia, na aliyenunua DVD ana haki ya kuitazama.

Marekani ilishika njia nyingine. Sheria yake ya mwaka 1998 inakataza kuvunja kufuli lenyewe, bila kujali kama kilicho nyuma ya kufuli ni mali uliyoinunua. Kampuni ya RealNetworks ilipouza programu ya kuhifadhi DVD kwenye kompyuta, mahakama ya San Francisco iliisimamisha Agosti 2009. Kila baada ya miaka mitatu mamlaka za huko hupokea maombi ya kulegeza katazo hilo. Walimu na watengenezaji wa filamu za uhalisia wamepewa nafuu ya kutumia vipande vya filamu; mwananchi wa kawaida aliyeomba ruhusa ya kuhamisha DVD zake mwenyewe amekataliwa zaidi ya mara moja. Ujerumani nayo, pamoja na utamaduni wake mrefu wa tozo, ilipiga marufuku kuvunja kufuli mwaka 2003, ingawa haikuifanya kuwa kosa la jinai kwa anayefanya hivyo kwa matumizi yake binafsi tu. Ndiyo kusema Mjerumani analipa tozo kwa ajili ya nakala ambayo kufuli linamzuia kuitengeneza. Ni hali ya ajabu kidogo, na wanasheria wa huko wameilalamikia kwa miaka 20.

Sheria ya Tanzania ya 1999 haikunyamaza kuhusu vizuizi hivi. Inakataza kutengeneza au kuingiza nchini, kwa ajili ya kuuza au kukodisha, vifaa vilivyobuniwa mahsusi kukwepa vizuizi vya kunakili, na inakihesabu kitendo hicho kuwa sawa na kuvunja hakimiliki. Uzito wa katazo hilo umeelekezwa kwa mfanyabiashara wa vifaa. Mtu aliye sebuleni kwake na diski yake moja hakutajwa kwa namna hiyo. Je, hilo linamaanisha yuko huru kufungua kufuli kwa ajili ya nakala ambayo kifungu cha 12 kinamruhusu? Usomaji wa vifungu viwili kwa pamoja unaelekea upande huo, lakini kuelekea si sawa na kufika. Hapa ndipo mwongozo rasmi wa Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, COSOTA, ungekuwa na thamani kubwa, hata kama ni wa ukurasa mmoja kwa lugha nyepesi. Sheria inayotegemea kila mtu aitafsiri peke yake huishia kutafsiriwa na mwenye kibanda cha kujaza flashi, naye ana sababu zake za kuitafsiri anavyotaka.

Kuhusu vibanda hivyo, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya imetoa maamuzi mawili ambayo, ingawa hayana nguvu hapa nchini, yanasaidia kuona mbele. La kwanza ni la Aprili 2014, katika shauri lililotoka Uholanzi. Mahakama ilisema tozo ya nakala binafsi haiwezi kuhesabiwa kuwa inafidia nakala zilizotokana na chanzo haramu, wala nchi haiwezi kuziruhusu nakala hizo kwa kisingizio kwamba tozo imelipwa. Kwa lugha ya Kariakoo: flashi kulipiwa tozo hakusafishi filamu iliyopakuliwa kwa wizi na kuuzwa kwa shilingi mia chache. Anayenunua filamu kwa njia hiyo hana diski, hana risiti, na msanii hakupata hata senti ya mauzo ya kwanza. Nakala ya nyumbani ina uhalali kwa sababu nyuma yake kuna mauzo halali. Ukiondoa mauzo hayo, neno “binafsi” haliwezi kuibeba.

Uamuzi wa pili ni wa Oktoba 2010, kutoka Hispania, nao unagusa upande ambao hapa nchini haujajadiliwa. Mahakama ilisema si haki kutoza vifaa ambavyo ni dhahiri vimenunuliwa kwa shughuli zisizohusiana na nakala za binafsi, kama vile vya makampuni na ofisi. Hospitali inayohifadhi picha za eksirei au ofisi ya kijiji inayotunza rejista ya ardhi hainakili filamu. Kwa kiwango cha asilimia 1.5 mzigo kwa kila kifaa ni mdogo, na gharama ya kutenganisha wanunuzi huenda ikazidi tozo yenyewe. Hiyo ni hoja ya kuheshimiwa. Lakini kadiri makusanyo yatakavyokua, ndivyo swali hili litakavyorudi, na ni heri lijibiwe mapema kwa takwimu kuliko kusubiri lijibiwe mahakamani kama lilivyojibiwa Ulaya.

Lipo pia suala la mwisho wa safari ya fedha hizo. Hakimiliki huanza pale kazi inapotungwa, na Tanzania, ikiwa mwanachama wa Mkataba wa Berne tangu 1994, haiwezi kuifanya itegemee usajili. Mgao ni jambo tofauti. Fedha haiwezi kumfikia mtu asiyejulikana alipo wala alichotunga. Wazalishaji wengi wa filamu za VCD walifanya mikataba ya kuuza kazi kwa wasambazaji kwa malipo ya mara moja, na baadhi ya makaratasi hayo hayapatikani tena. Ikiwa familia inahamisha filamu ya mwaka 2008 kwenye kompyuta yake, na kifaa kimetozwa, nani hasa anastahili sehemu ya tozo hiyo: mtayarishaji, msambazaji, au warithi wa mwigizaji? Kila filamu itahitaji mtu wa kuifuatilia, na kazi hiyo haijafanywa kwa filamu za zamani kwa kiasi cha kuridhisha.

Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki, Namba 14 ya mwaka 2003, na taasisi yake, COSOZA. Mkazi wa Unguja au Pemba asichukue maelezo ya kifungu cha 12 cha sheria ya Bara kuwa ndiyo yanayomhusu moja kwa moja.

Kwa aliye Bara mwenye DVD zake kabatini, hatua za tahadhari si nyingi. Nakala iwe moja au mbili, zikae kwenye kompyuta au diski ya nje ya nyumbani, ile ambayo mitaani huitwa eksteno, na zisipandishwe mtandaoni wala kutumwa kwenye makundi ya WhatsApp, kwa kuwa kundi la watu 200 si nyumbani. Akiuza au kugawa diski halisi moja kwa moja, afute nakala. Kanuni za Uingereza zilizofutwa zililiandika hilo waziwazi, na hata pasipo kuandikwa ni vigumu kuona mtu anabakije na matumizi binafsi ya kitu alichokwisha kumpa mwingine. Na diski halisi isitupwe baada ya kunakiliwa, hata ikiwa haichezeki tena. Tangu mwaka 2013 kazi za filamu na muziki zinazouzwa nchini zilitakiwa kubandikwa stempu ya kodi ya TRA, na kabla ya hapo kulikuwa na hakigramu ya COSOTA. Kasha lenye stempu hiyo ndilo litakalomtofautisha aliyenunua na aliyejaziwa flashi, endapo siku moja ataulizwa.